Konzi ya Mchele Aliyoikataa Mama Kimi

Mimi ndiye ninayepita na kikapu. Kila Jumamosi asubuhi, mvua inyeshe, ukungu ushuke hadi usimwone nguruwe wako mwenyewe bandani, napita nyumba kwa nyumba hapa kijijini Lungzawl nikikusanya mchele wa kanisa. Mwaka wa ishirini na tatu huu. Magoti yameniisha kwa kupanda ngazi za watu, na asante yenyewe ni kikombe cha chai ya rangi na kipande cha sukari guru, tena kwa wale wenye moyo.

Mwanamke wa kwetu akitaka kupika hupima mchele wa nyumba yake, halafu kabla hajauosha huchota konzi moja akaitia kwenye kopo la kanisa lililo kando ya jiko. Asubuhi konzi, jioni konzi. Mwenye nacho konzi, asiye nacho konzi. Huko mjini wanauuza mchele huo kwa ajili ya kazi ya misheni. Sisi wa huku juu mlimani bado tunampelekea mwinjilisti wetu aule yeye na watu wake. Kwa hiyo usipochota, kila mtu anajua kuna mtu unamnyima chakula, na anajua ni nani.

Mama Kimi alikataa kutoa konzi hiyo kwa miaka kumi na moja.

Jina lake ni Darthangi, lakini hapa mwanamke akishazaa jina lake linaitwa kanisani tu. Tumekua pamoja. Msichana yule alikuwa na kicheko cha kushtua kuku, na tambuu haimtoki shavuni. Mumewe aliangukiwa na mti wakati wa kufyeka shamba, akafa, yeye akabaki na kitoto kimoja cha kike, Zokimi. Watu walimwambia aolewe tena. Akawaambia, “Nimeshafua nguo za mwanaume mmoja, zinanitosha.” Akakaa chini na kitanda chake cha kufumia, kamba kiunoni, akawa anafuma mashuka ya kuuza, na kwa mashuka hayo akamlea mtoto hadi akawa binti wa miaka kumi na tisa mwenye sauti nzuri kuliko wote kwenye kwaya.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipo mimi.

Alasiri moja Kimi alikuja kwangu. Nilikuwa mwenyekiti wa akina mama, na bado ndiye. Akasimama mlangoni akifinyafinya pindo la shuka.

“Mama Ruata, nina mimba.”

“Ya nani?”

“Ya Biakliana.”

Nikaketi. Biakliana alikuwa mtoto wa mwinjilisti wetu, Pu Hrangvunga; Pu ndivyo tunavyomwita mwanaume wa heshima. Mtoto wa pekee, msomi, anayefundisha watoto Shule ya Jumapili. Nikamwambia twende tukamwambie baba yake, mimi nitakuwa nawe. Kwetu vijana wakipata mimba nje ya ndoa majina yao husomwa mbele ya kanisa, wote wawili, wakatengwa na Meza ya Bwana hadi watakaporudishwa. Ni aibu, lakini ni aibu ya watu wawili, na mara nyingi huishia kwenye harusi.

Pu Hrangvunga alitusikiliza ameinamisha kichwa. Alikuwa mtu mwema, nisimsingizie. Aliwahi kumbeba mgonjwa mgongoni saa sita nzima hadi barabara ya magari. Siku ile akamwambia Kimi, “Nenda nyumbani, mwanangu. Jumapili nitasema mwenyewe.” Kimi akaenda akijifuta machozi, amefarijika kabisa. Mimi nikazuiwa kidogo.

“Mama Ruata, haya tuyaache humu ndani kwanza. Kwa ajili ya kanisa.”

“Sawa, Pu,” nikasema.

Ijumaa Biakliana akapelekwa mjini kusoma. Jumapili baba yake akapanda madhabahuni, akasoma jina moja. Zokimi binti Darthangi. Akafunga daftari.

Nilimwona Kimi akigeuza shingo kunitafuta kwenye benchi la akina mama. Nikatazama dirishani. Nilijiambia nitazungumza na mwinjilisti faraghani, na nilizungumza naye, akasema ngoja kwanza, nikangoja. Mama yake alimbana binti usiku na mchana, mtoto ni wa nani, mtoto ni wa nani, Kimi hakufungua mdomo.

Masika yalikuwa mabaya mwaka ule. Mlima ulimeguka, barabara ikakatika sehemu mbili, na Kimi akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Siku mbili. Siku ya pili asubuhi akaomba mkate wa Meza ya Bwana. Mama Kimi akanituma, “Kimbia, mwite mwinjilisti, mwanangu anakwenda.” Nikakimbia. Nikamkuta Pu Hrangvunga anagongomea banda lake la kuku, hakuinua uso.

“Ametengwa, Mama Ruata. Kanuni ni kanuni. Akirudishwa nitakuja.”

“Pu, huyu unamjua.”

“Najua,” akasema, akaendelea kugonga misumari.

Niliporudi bila mtu, Mama Kimi alinitazama tu. Kabla ya saa sita mchana mtoto alikuwa amefariki, na Kimi naye akamfuata. Vijana walichimba kaburi kama wanavyomchimbia kila mtu, majirani wakajaa, lakini ngoma ya kanisa haikupigwa na mwinjilisti hakuomba. Aliyetengwa hapigiwi ngoma. Mama mtu alikaa karibu na jeneza, macho makavu, anatafuna tambuu.

Jumamosi iliyofuata nikapita na kikapu. Uso mkavu gani ule niliokuwa nao!

“Hodi, Mama Kimi. Kopo.”

“Halina kitu. Pita.”

“Shoga, hata konzi moja? Ya sadaka tu?”

“Konzi nachota. Mkono umezoea, nitaukata? Nawapa kuku.”

Na kweli aliwapa. Kuku wa Mama Kimi walinona kuliko mwinjilisti. Watu wakaanza kusema ana moyo mgumu, na ugumu wenyewe unajulikana chanzo, mwinjilisti hakwenda kumpa binti yake mkate, lakini si kanuni jamani? Asamehe tu. Na mimi, mnisikie vizuri, mimi kwenye maombi ya akina mama nilisimama nikasema, “Tumwombee dada yetu mwenye kinyongo na watumishi wa Mungu.” Wakasema amina. Miaka kumi na moja nilikuwa nagonga mlango ule kila Jumamosi, naye kila Jumamosi anakuja mwenyewe, anafungua, ananitazama kidogo, halafu anasema, “Pita.”

Halafu Pu Hrangvunga akapooza. Mkewe alishafariki kitambo. Upande wa kushoto wa mzee ukafa wote, mdomo ukaenda kando. Jumapili ya shukrani ya mavuno akaomba wanaume wawili wamnyanyue. Tulidhani anataka kuaga. Alisimama kwa mguu mmoja uliobaki mzima, maneno yanamtoka moja moja.

“Jina la Zokimi nililisoma mimi. Nilisoma moja. Yalikuwa mawili. La pili ni la mwanangu. Nilijua. Mtoto aliyekufa ni mjukuu wangu. Jina langu lisomwe.”

Mzee wa kanisa, Pu Chalkhuma, akauliza, “Nani mwingine alijua?”

Pu Hrangvunga akatazama benchi letu. Akanifikia kwa macho, akanipita.

“Mimi peke yangu,” akasema.

Nilikuwa nimekaa pale mbele kabisa, na kitambaa changu cha mwenyekiti kichwani. Sikusimama. Nilisema moyoni, huyu mzee mwenyewe ameamua kunificha, nikisimama sasa nitamfanya mwongo mbele ya watu. Unaona akili ya mtu inavyofanya kazi akitaka kujiokoa?

Wazee wakakaa, wakamvua kazi, jina lake likasomwa Jumapili ya pili. Nikaambiwa kikapu kisiende tena kwake. Nikasema sawa, neno hilo nalijua sana. Biakliana akapiga simu kutoka mjini kusema baba yake amechanganyikiwa na ugonjwa, akakata, hakuonekana. Na akina mama waliompa mwinjilisti mchele kwa miaka yote, Mungu wangu, vile walivyogeuka! “Tumemlisha mnafiki!” “Konzi zangu zinirudie!” Hakuna aliyekwenda hata kumwashia moto. Mimi pia sikwenda. Mama Kimi ndiye pekee ambaye hakusema lolote.

Jumanne ya wiki ile nikamwona anateremka njia ya kisimani na sufuria iliyofunikwa kitambaa.

“Unakwenda wapi na chakula?”

“Kwa mgonjwa.”

“Mgonjwa gani?”

“Kijiji hiki kina wagonjwa wangapi wasio na mtu wa kuwapikia, Mama Ruata? Hebu nihesabie.”

Nikamfuata. Miguu ilinipeleka tu. Nyumba ya Pu Hrangvunga ilikuwa inanuka mkojo, jiko limepoa, yeye amelala upande mmoja uso umeelekea ukutani. Mama Kimi aliweka sufuria chini, akaanza kufoka kabla hata ya kuamkia.

“Huyu mtu ameoza! Mama Ruata, usisimame hapo, leta maji.”

Nikaleta maji. Akamsafisha, akambadilisha shuka, akamwegemeza kwenye gunia, akafunua wali na mboga ya kuchemsha yenye kipande cha nyama ya moshi. Mzee alikuwa anamtazama, machozi yanamtiririka jicho moja tu, lile zima.

“Mama Kimi. Umenisamehe?”

“Nani kakwambia? Sijakusamehe. Kula.”

Akamtia kijiko mdomoni. Mzee akatafuna, analia, nusu ya wali inamwagika kidevuni.

“Usilie na chakula mdomoni, utapaliwa, waseme nimekuua mimi.”

Tukitoka nilimuuliza, kwa nini basi? Akanionyesha sufuria tupu. “Hii ni konzi yangu ya kanisa. Kuku wamekula vya kutosha.”

Akawa anateremka kila siku. Na mimi nikawa napeleka maji na kuni, maana ujasiri wangu ulikuwa unafika kwenye maji na kuni. Pu Chalkhuma akamwita Mama Kimi njiani, akamwonya kwamba analisha mtu aliyetengwa. Akamjibu, “Mimi nalisha tumbo, Pu. Tumbo hamkulisoma jina.” Mzee wa kanisa akageuza njia.

Kila siku yalikuwa yale yale, ikawa kama salamu yao. Pu Hrangvunga anauliza, “Bado?” Naye anajibu, “Bado. Fungua mdomo.” Siku moja ya Desemba, ukungu umeingia hadi chumbani, mzee alimuuliza kwa nini basi asiseme tu neno la kumsamehe, hata kwa mdomo, afe akiwa amelisikia. Mama Kimi aliweka kijiko chini.

“Nikitaka kulisema naona uso wa mwanangu anaomba mkate. Kinywa kinafunga chenyewe. Sasa nikudanganye? Wewe ulinidanganya miaka kumi na moja, mwenzio nisiongeze. Siku likija nitakuletea. Wewe usife tu.”

“Nitangoja,” akasema mzee.

Na alijitahidi, maskini. Alikonda akabaki mifupa, daktari wa zahanati akasema haoni kinachomshikilia. Mimi nilikiona. Kila asubuhi alikuwa anasikiliza hatua za yule mwanamke kwenye ngazi.

Asubuhi moja ya Januari, baridi ya kukata vidole, nilitangulia kufika na ndoo yangu. Niliita, hakuitika. Alikuwa bado ana joto kidogo shingoni, lakini ameshakwenda, uso ameuelekeza mlangoni.

Nikasikia ngazi zinalia. Mama Kimi akaingia na sufuria, anahema, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho nilikuwa sijakiona tangu tukiwa wasichana. Akaniona nilivyopiga magoti.

“Amekwisha?”

“Amekwisha.”

Aliweka sufuria chini polepole. Akasimama, mikono inaning'inia.

“Leo nilikuwa nalo,” akasema.

“Nini?”

“Neno lake. Asubuhi nilipochota konzi likaja, lenyewe, sikulitafuta. Nimeteremka njia yote nikisema moyoni usidondoke, usidondoke.”

“Mwambie, shoga. Labda anasikia.”

“Maiti asikie nini? Acha ujinga!”

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha Kimi na cha huyu mzee vyote pamoja, akiupiga ubao wa sakafu kwa kiganja. Hata kwenye kaburi lile sikumwona akilia. Nilitamani sakafu ipasuke nianguke kwa nguruwe chini ya nyumba. Nikajiambia sasa, mwanamke, sasa au basi.

“Mama Kimi, kuna jambo nataka nikwambie. Siku ile, kabla ya...”

Akainua mkono.

“Mlikwenda wawili. Wewe na Kimi. Mlikaa hapa hapa, kando ya jiko hili.”

“Nani kakwambia?”

“Kimi aliniambia siku ile ya mwisho,” akasema, “wewe ulipokuwa umekwenda kumwita huyu. Aliniambia yote. Nikataka kutoka nipige kelele kijiji kizima kisikie. Akanishika shuka. Akasema, ‘Usiseme, mama. Ni watu wa Mungu. Watasema wenyewe.’ Ndiyo maneno yake ya mwisho yaliyoeleweka. Basi nikangoja mseme wenyewe. Huyu nilimngoja miaka kumi na moja, akasema. Wewe kila Jumamosi ukigonga, naacha kazi yangu, nakuja mwenyewe kufungua, nasema moyoni leo atasema. Unaniuliza kopo.”

Nikamshika miguu. Sikuwa na haya tena. Nilimwambia nisamehe, nisamehe, Darthangi, kwa jina lake la utoto, na pua inanichuruzika.

“Huyu alisimama kwa mguu mmoja,” akasema. “Wewe unayo miwili.”

“Nitasimama. Jumapili nitasimama.”

“Sijui. Tutaona.”

Alijifuta uso kwa pindo la shuka. Akainuka, akamfumba mzee jicho lililobaki wazi, akamnyoosha ule mkono uliopooza, akamfunika vizuri hadi kidevuni. Kisha akaketi, akavuta sufuria, akaifunua. Mvuke ukapanda. Alichota kijiko kimoja, akaninyooshea.

“Sijakusamehe,” akaniambia. “Kula.”

Nikafungua mdomo.